Maisha ya Bwana Leo Fender, Fundi wa Sauti ya Gitaa

Nataka kuwasimulia habari za mtu ambaye hakujua kupiga gitaa, lakini wapiga gitaa wa dunia nzima wana deni kwake. Kabla sijaanza, sina budi kueleza jinsi nilivyopata kumjua, maana jambo lenyewe lilianza kwa ugomvi katika Chama chetu cha Muziki.

Muhula uliopita chama chetu kilikuwa na akiba ya fedha zilizotokana na mboga za shamba la shule na viingilio vya tamasha la wazazi. Fedha hizo zilitosha kununua amplifaya moja tu ya gitaa. Fundi mmoja wa mjini alikuwa nazo mbili, zote zimekwisha tumika, na bei zake zililingana. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya transista, yenye nguvu ya wati 100. Ya pili ilikuwa ndogo, ya valvu, wati 5 tu, nayo ilikuwa ya namna ile ambayo wapiga muziki huiita kichwa. Yaani haina spika ndani yake, bali huunganishwa kwa waya na sanduku la spika lililo pembeni. Mimi nilikuwa mtunza hazina, na nilisimama upande wa ile kubwa. Wengi waliniunga mkono. Rafiki yangu, ambaye ndiye mpiga gitaa wetu hodari, alitaka ile ndogo. Tulimcheka sana, hata akaacha kuja mazoezini.

Mwalimu wetu wa Fizikia aliposikia habari hii hakutukemea. Aliniagiza nikasome maisha ya Bwana Leo Fender, kisha nirudi kwake. Haya ndiyo niliyoyasoma.

Leo Fender alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 katika jimbo la California, nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa karibu na mji wa Fullerton. Alipokuwa mtoto aliugua uvimbe, akapoteza jicho moja, na tangu hapo alivaa jicho la kioo. Lakini masikio yake yalikuwa mazima, na mikono yake haikutulia. Mjomba wake alikuwa na karakana ya umeme wa magari, naye alimpelekea mvulana huyo sanduku la vyombo vya umeme vilivyotupwa. Leo alivichezea vyombo hivyo mpaka akaingiwa na mapenzi makubwa ya redio. Alipokuwa angali mwanafunzi wa shule ya sekondari alikuwa akitengeneza redio za watu nyumbani kwao.

Pamoja na hayo, chuoni hakusomea umeme. Alisomea uhasibu, akaajiriwa kuandika hesabu. Ikaja ile miaka ya shida ya 1930, wakati biashara za Marekani zilipoanguka, naye akapoteza kazi yake. Badala ya kukaa na kulalamika, mwaka 1938 alikopa dola 600, akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Wapiga muziki wakaanza kumletea vyombo vyao vilivyoharibika. Kila alipofungua chombo aliona mahali ambapo aliyekitengeneza alikuwa amekosea, akayatia hayo moyoni.

Mwaka 1945 alianza kuunda magitaa na amplifaya pamoja na mwenziwe aliyeitwa Doc Kauffman, na mwaka 1946 akaendelea kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1950 alitoa gitaa la umeme lenye mwili wa mti mzima usio na uwazi ndani, ambalo baadaye liliitwa Telecaster. Mwaka 1951 alitoa gitaa la besi la umeme, na mwaka 1954 likafuata Stratocaster, ambalo umbo lake mnaliona hata leo mikononi mwa wapiga gitaa wengi wa bendi zetu za dansi.

Lakini lililonigusa mimi ni habari za amplifaya zake. Kuanzia mwaka 1948 alitengeneza amplifaya ndogo kwa ajili ya wanafunzi, na baadaye ikajulikana kwa jina la Champ. Ilikuwa na valvu tatu tu: moja ya kugeuza umeme wa nyumbani uwe wa kwenda upande mmoja, moja ya kukuza umeme mdogo sana utokao katika sumaku za gitaa, na moja ya kuusukuma huo umeme mpaka kwenye spika. Nguvu yake haikupita wati 5 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alitoa pia amplifaya kubwa ambazo kichwa chake kilikaa mbali na sanduku la spika.

Sasa, mtu asiyejua kupiga gitaa aliwezaje kuipata sauti nzuri? Jawabu ni kwamba alisikiliza. Aliwapa wapiga muziki amplifaya mpya wakazipige katika kumbi za dansi, kisha akawauliza yaliyowapendeza na yaliyowaudhi, akarudi karakanani kurekebisha. Tena, kwa kuwa alikuwa fundi wa matengenezo, alivipanga vyombo vya ndani kwa namna ambayo fundi yeyote angeweza kuvifikia bila taabu. Ndiyo sababu amplifaya zake nyingi za zamani zinafanya kazi hadi leo.

Hata hivyo, mtu huyu hakujua yote. Yeye mwenyewe alipenda sauti safi isiyo na mikwaruzo. Valvu inapofikishwa kwenye kikomo chake sauti huanza kukwaruza, na kwake hiyo ilikuwa kasoro. Wapiga gitaa ndio waliogundua kwamba kasoro hiyo ina utamu wake. Mwaka 1962 huko London, Bwana Jim Marshall, mpiga ngoma mwenye duka la vyombo vya muziki, alianza kutengeneza amplifaya kwa kufuata mfano wa amplifaya ya Fender iitwayo Bassman, na sauti ile ya mikwaruzo ikaenea duniani.

Mwezi wa Januari 1965 Bwana Fender, ambaye alikuwa mgonjwa akidhani siku zake ni chache, aliiuza kampuni yake kwa dola milioni 13. Baadaye akapona. Je, alikaa akala utajiri wake? La, alirudi karakanani. Mwaka 1980 alianzisha kampuni nyingine pamoja na rafiki yake wa siku nyingi, Bwana George Fullerton, akaendelea na kazi hata ugonjwa wa kutetemeka mwili ulipompata. Alifariki dunia tarehe 21 Machi 1991, akiwa na umri wa miaka 81.

Nilipomaliza kusoma nilirudi kwa Mwalimu. Aliniuliza kama nimewahi kuzisikiliza zile amplifaya mbili. Niliona haya, maana nilikuwa nimesoma wati tu. Ndipo aliponieleza kuwa wati si sauti: ukizidisha wati mara 10, sikio husikia kama ukubwa umeongezeka mara 2 tu. Tena alinieleza kuwa transista ikifika kikomo hukata mawimbi ya sauti ghafla, kama panga likatavyo mua, lakini valvu hulainisha vilele vya mawimbi polepole. Hiyo ndogo hufika kikomo mapema, kabla haijawaumiza watu masikio, nayo hutii mkono wa mpigaji: akigusa waya taratibu sauti ni safi, akikaza sauti hukwaruza.

Fundi alikubali tuzijaribu. Mwalimu aliziweka zote mbili nyuma ya pazia la ukumbi, akalinganisha ukubwa wa sauti zake. Alituonya tusiwashe kamwe kichwa cha valvu bila kukiunganisha na spika, maana kitaungua. Tuhakikishe kuwa omu za spika zinalingana na zile zilizoandikwa nyuma ya kichwa. Wala tusikifungue ovyo, kwa kuwa umeme mkali hubaki ndani hata baada ya kuzimwa. Kisha mimi nikatumwa kwenda kumwomba rafiki yangu aje kupiga gitaa. Njia ya kutoka ukumbini mpaka bwenini siku ile niliiona ndefu sana. Nilimwomba msamaha, naye akaja bila neno.

Alipiga wimbo mmoja mara mbili. Sisi wanachama 18 tuliandika katika karatasi sauti tuliyoipenda. Watu 13 waliandika ya pili. Pazia lilipofunuliwa, ya pili ilikuwa ile ndogo ya wati 5. Karatasi yangu ilikuwa mojawapo ya zile 13.

Ni kweli kwamba katika ukumbi wetu, ngoma zikipigwa, kichwa kile peke yake hakitoshi. Mwalimu aliweka maikrofoni mbele ya sanduku la spika, sauti ikapitia katika spika kubwa za shule, na hata wazazi waliokaa nyuma kabisa siku ya kufunga muhula walisikia vizuri.

Wenzangu, wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Mimi nilikaribia kununua debe, na kwa ajili ya debe nilikaribia kumpoteza rafiki. Bwana Fender alikuwa na jicho moja, na gitaa hakujua kulipiga, lakini alikuwa na subira ya kuwasikiliza wale wanaojua. Tukichagua amplifaya, au rafiki, au kiongozi wa chama, tusitazame ukubwa tu. Tutege masikio kwanza.