Seve Ballesteros: Kedi wa Pedreña aliyenolewa na mchanga

Mashindano ya gofu ya Kenya Open yalianza mwaka wa 1967, na majina mengi katika orodha ya mabingwa wake hayasemi lolote kwa msomaji asiyekuwa mpenzi wa mchezo huo. Jina la bingwa wa mwaka wa 1978 ni tofauti. Severiano Ballesteros wa Uhispania, aliyejulikana kote duniani kama Seve, alitwaa taji hilo uwanjani Muthaiga, Nairobi, akiwa na umri wa karibu miaka 21. Kabla ya kustaafu alikuwa ameshinda mataji makuu matano, na wengi wanakubaliana kwamba hakuna aliyemshinda kwa ustadi wa kuokoa mpira uliokwisha kupotea.

Ustadi huo haukutoka kwenye nyasi za klabu ya matajiri. Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957 katika kijiji cha Pedreña, kaskazini mwa Uhispania, katika familia ya wakulima wafugaji wa ng'ombe. Jirani na nyumbani kwao palikuwa na uwanja wa gofu uliofunguliwa mwaka wa 1928, lakini watoto wa kijiji waliingia humo kama makedi, yaani wabeba mifuko ya wachezaji. Kaka zake watatu, Baldomero, Manuel na Vicente, walipitia njia hiyo hiyo na kuwa wachezaji wa kulipwa. Mjomba wao, Ramón Sota, alimaliza katika nafasi ya sita kwenye mashindano ya Masters nchini Marekani mwaka wa 1965.

Kedi hakuwa na ruhusa ya kucheza uwanjani apendavyo. Seve alianza na kichwa cha fimbo kuukuu alichokitia mti, akipiga kokoto kwa kuwa mipira ilikuwa ghali. Baadaye Manuel alimpa fimbo halisi, ya chuma namba tatu, na kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo iliyokuwa fimbo yake pekee. Alikwenda nayo ufuoni, akachimba vishimo mchangani, akatia mikebe na kuifanya shabaha. Usiku wa mbalamwezi alijipenyeza uwanjani kwa siri.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yake. Fimbo namba tatu imeundwa kwa ajili ya kupeleka mpira mbali na chini chini. Kuuinua mpira kwa fimbo hiyo kutoka mchangani, uanguke taratibu hatua chache mbele, ni kazi inayowatoa jasho hata mabingwa. Mtoto huyo alilazimika kuufungua uso wa fimbo, kubadili mshiko, kupunguza nguvu na kuanza upya pale mpira ulipokataa. Mwenye fimbo 14 huchagua fimbo, lakini mwenye moja hubuni mkwaju. Alipofikisha umri wa miaka 12 alishinda shindano la makedi wa Pedreña kwa mikwaju 79.

Kijana wa Bulla Pesa, mjini Isiolo, ana haki ya kuuona mchezo huu kuwa wa watu wa mbali. Uwanja wa Nanyuki, ule unaopitiwa na mstari wa ikweta, uko umbali wa kilomita takriban 80, na gharama za gofu si za kila mfuko. Hata hivyo, vitu alivyojifunzia Seve si adimu Isiolo. Mchanga upo, kokoto zipo, na kopo tupu la Kimbo likifukiwa ardhini linatosha kuwa shimo. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya nao walianza kwa kubeba mifuko ya wengine.

Hesabu ya gofu yenyewe inampa haki Seve. Katika uwanja ambao kipimo chake ni mikwaju 72 kwa mashimo 18, kila shimo hutengewa mikwaju miwili ya kuusukuma mpira kwenye nyasi fupi zilizolizunguka. Hiyo ni mikwaju 36, nusu ya hesabu yote, kabla ya kuhesabu ile ya kuusogeza mpira karibu. Anayetaka kupunguza idadi ya mikwaju yake hana budi kuanzia hapo, ingawa wengi bado hupoteza jioni nzima wakishindana nani atapiga mbali.

Seve aliingia katika gofu ya kulipwa mwaka wa 1974, akiwa na umri wa miaka 16. Miaka miwili baadaye, kwenye mashindano ya Open ya Uingereza uwanjani Royal Birkdale, aliongoza baada ya raundi tatu. Johnny Miller wa Marekani akamshinda siku ya mwisho, lakini katika shimo la 18 kijana huyo aliuviringisha mpira kwenye kijinjia kati ya mitego miwili ya mchanga, ambapo wengine wangeuinua juu. Mkwaju huo ulimwezesha kugawana nafasi ya pili na Jack Nicklaus.

Mwaka wa 1979, uwanjani Royal Lytham, alitwaa Open kwa tofauti ya mikwaju mitatu, ingawa katika shimo la 16 siku ya mwisho mpira wake uliangukia palipoegeshwa magari. Alipunguza mkwaju mmoja katika shimo hilo hilo. Mwaka wa 1980 akawa mchezaji wa kwanza kutoka Ulaya kushinda Masters, akairudia mwaka wa 1983, kisha akatwaa Open tena mwaka wa 1984 na 1988.

Mambo hayakumnyookea daima. Mwaka wa 1986 baba yake alifariki wiki chache kabla ya Masters, na mzozo wake na wasimamizi wa gofu ya Marekani ulikuwa umemfungia mashindano mengi ya huko. Aliongoza siku ya mwisho, kisha katika shimo la 15 akaupiga mpira majini, na Nicklaus akashinda. Mazoezi alikuwa nayo. Alichopungukiwa ni mashindano.

Ushindi wake wa mwisho ulikuwa mwaka wa 1995, na hapo alikuwa na jumla ya mataji 50 katika mashindano ya Ulaya, ambayo ni rekodi. Mwaka wa 1997 aliiongoza timu ya Ulaya kama nahodha kushinda Kombe la Ryder uwanjani Valderrama, nchini mwake. Wakati huo maumivu ya mgongo, yaliyomwandama tangu ujana, yalikuwa yameharibu mkwaju wake wa kwanza. Alitafuta walimu wengi, akiwemo Mac O'Grady na David Leadbetter, kila mmoja na maelekezo yake. Aliendelea kufanya mazoezi kwa bidii, lakini shabaha haikuwa moja tena kama ule mkebe wa ufuoni. Karibu na shimo, mikono yake haikusahau.

Alistaafu mwaka wa 2007. Oktoba 2008 alizimia katika uwanja wa ndege wa Madrid, na madaktari wakagundua uvimbe kwenye ubongo. Alifanyiwa upasuaji mara kadhaa, kisha akarudi kuishi Pedreña, na huko ndiko alikofariki tarehe 7 Mei 2011, akiwa na umri wa miaka 54. Uwanja wa ndege wa Santander, mji unaotazamana na kijiji chake ng'ambo ya ghuba, ulipewa jina lake mwaka wa 2015.