Tom Mboya, Mvulana Aliyeondoka Mang'u kwa Kukosa Karo

Kabla sijaingia katika habari yenyewe, wacha nianze na aibu yangu mwenyewe. Muhula wa pili mwaka jana, siku ya Jumatatu baada ya gwaride, jina langu lilisomwa katika orodha ya wale ambao hawajamaliza karo. Kufikia saa nne nilikuwa nje ya lango, begi mgongoni. Saa sita nilikuwa nyumbani Ruiru, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya kibanda cha mama, nikimsaidia kukatia wateja sukuma wiki.

Nilikaa nyumbani siku kumi na saba. Siku hizo zilinifunza kwamba kukosa karo si jambo la mfuko tu, manake linaingia mpaka kichwani. Nilianza kukwepa njia kuu saa za jioni ili vijana wa shule za kutwa wasinione. Kisha jirani mmoja akaniambia kuna kazi ya mawe huko Juja, katika machimbo ya Ndarugu, na ya kwamba vijana wa rika langu wanalipwa kila jioni. Nikaamua moyoni kuwa Jumatatu ikifika bila habari njema, nitaenda zangu.

Guka ndiye aliyenizuia, na hakutumia fimbo wala mawaidha marefu. Jumapili asubuhi, mbingu ikiwa safi, alinitoa nje akanionyesha ule mlima ulio upande jua linakochomoza, ambao sisi wa Ruiru tunauona kila siku bila kuuangalia. Akaniuliza kama namjua aliyezaliwa chini yake. Nikasema sijui. Akasema ni Tom Mboya. Mimi nilidhani ananitania. Kwangu Mboya alikuwa mtu wa kisiwa cha Rusinga, na jina la barabara ya Nairobi tunayopita tukitafuta matatu ya kurudi nyumbani. Hapo ndipo nilipoanza kuulizauliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 karibu na Kilimambogo, mlima uo huo ambao kwa jina la Kimaasai unaitwa Ol Donyo Sabuk. Wazazi wake, Leonard Ndiege na Marcella Awuor, walitoka Rusinga katika Ziwa Victoria. Baba alikuwa nyapara katika shamba la mkonge lililokuwa mali ya Sir William Northrup McMillan, yule tajiri ambaye jina lake limebaki katika maktaba ya McMillan pale Nairobi na ambaye kaburi lake liko juu ya mlima huo. Basi mtoto huyu wa Kijaluo alikua miongoni mwa watoto wa Wakamba na Wakikuyu waliokuwa wafanyakazi wa mashamba. Akashika Kikamba, akashika Kikuyu, na Kiswahili kikawa lugha yake ya kila siku. Wanachama wenzangu wa Kiswahili, likumbukeni hilo, tutalirudia.

Ndiege hakuwa mtu wa elimu, lakini alitaka watoto wake wasome. Mwaka wa 1939 Tom alipelekwa katika shule ya misheni ya Kabaa, huko Ukambani. Mwaka wa 1942 akahamishiwa shule ya Mtakatifu Maria, Yala, ili asome karibu na watu wa kwao. Na mwaka wa 1946 akafika Mang'u.

Hapa nisimame kidogo nieleze shule hiyo, manake wengi wetu tunaikosea. Ukitoka Thika kwa barabara ya Garissa, ukapita mashamba ya mananasi, utaliona lango la Shule ya Upili ya Mang'u. Mimi nilifikiri Mboya aliketi katika madarasa hayo. La, sivyo. Shule hiyo ilianzishwa mwaka wa 1925 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, chini ya Padre Michael Witte, na ilianzia Kabaa, kule kule Mboya alikoanzia kusoma akiwa mtoto. Karibu na mwaka wa 1940 ikahamia Mang'u, upande wa Gatundu, ikijulikana kama Chuo cha Roho Mtakatifu. Hapo tulipo na barabara ya Garissa ilihamia mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mboya akiwa amekwisha kufa. Kwa hiyo ni shule iliyofunga virago mara mbili na jina likabaki. Kaulimbiu yake ni ya Kiswahili, nayo ni maneno mawili tu, Jishinde Ushinde. Katika mila zake mpya kuna moja inayotutia wivu sisi majirani, nayo ni kwamba wavulana wa pale husoma somo la urubani na mambo ya ndege, jambo ambalo ni nadra sana katika shule za upili.

Orodha ya waliopita Mang'u ni ndefu. Yumo Maurice Otunga, aliyekuwa Mkenya wa kwanza kufanywa Kardinali mwaka wa 1973. Yumo Mwai Kibaki, aliyeingia mwaka wa 1947 na baadaye akawa Rais wa tatu wa Kenya. Mboya naye anatajwa katika orodha hiyo kwa fahari. Lakini ukweli ambao husemwa kwa sauti ya chini ni kwamba hakumaliza. Mwishoni mwa mwaka wa 1947 alifaulu mtihani wake na angeweza kuendelea mpaka cheti cha Cambridge, ambacho siku zile ndicho kilichokuwa mlango wa vyuo vikuu. Pesa hazikuwepo. Baba alikuwa na watoto wengine wa kusomesha, na mshahara wa nyapara ulikuwa ule ule. Tom akiwa na miaka kumi na saba akaondoka Mang'u, si kwa sababu ya utundu wala ya kushindwa masomo, ila kwa kukosa karo.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, nilikifunga kitabu kwanza nikatulia. Mimi pia nilikuwa na miaka kumi na saba.

Sasa tazama alichofanya. Alitafuta mahali ambapo mtu husoma bila kutoa karo, akapata mafunzo ya ukaguzi wa afya yaliyokuwa yakitolewa katika Shule ya Jeanes, Kabete, kuanzia mwaka wa 1948. Mwaka wa 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Kazi ilikuwa ni ile ile ya wakaguzi Wazungu, lakini Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wao. Siku moja alikuwa peke yake ofisini, akaingia mama wa Kizungu na chupa ya maziwa ya kupimwa. Yule mama akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hakuna mtu. Mboya akamuuliza kama macho yake yana kasoro. Yule mama aliwaka moto akaenda kushtaki. Guka huicheka sana hadithi hii, lakini mimi naona haichekeshi. Kijana mzima yupo mbele yako na bado wauliza kama kuna mtu!

Badala ya kukaa na uchungu, Mboya aliwakusanya wafanyakazi wenzake wa baraza, wakawa na chama chao. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ikatangaza Hali ya Hatari, vyama vya siasa vya Waafrika vikapigwa marufuku na viongozi wakafungwa. Sauti iliyobaki ilikuwa ya vyama vya wafanyakazi. Mwaka wa 1953, akiwa na miaka ishirini na mitatu, Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo. Mwaka wa 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, alikwenda akazungumza nao, mgomo ukaisha, shauri likapelekwa kwenye usuluhishi na wakapata nyongeza ya mshahara. Sasa fikiri, msomaji, kuwaongoza watu wa makabila yote, kuanzia makuli wa Mombasa hadi wafagiaji wa Nairobi. Kingereza cha vitabuni kingemfikisha wapi? Kile Kiswahili cha shamba la mkonge ndicho kilichofanya kazi.

Na masomo hakuyaacha. Alisoma kwa njia ya posta akiwa kazini, na baadaye, mwaka wa 1955 hadi 1956, akaenda chuo cha Ruskin mjini Oxford, Uingereza, ambacho kiliwekwa kwa ajili ya watu wazima waliotoka kazini bila vyeti vikubwa. Aliporudi, mwezi wa Machi 1957, Waafrika walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Nafasi zilikuwa nane, na ya Nairobi ikawa yake. Desemba 1958 alikuwa Accra, Ghana, akiwa mwenyekiti wa mkutano wa Waafrika wote, na umri wake ni miaka ishirini na minane.

Lakini jambo ambalo mimi naliweka juu ya yote ni lile la ndege. Vijana wengi Waafrika walikuwa wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani, wakakwama kwa nauli. Walikuwa mlangoni na ufunguo haupo, kama yeye mwaka wa 1947. Mwaka wa 1959 Mboya alizunguka Marekani akihutubia na kuomba. Watu maarufu kama mcheza besiboli Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte wakasaidia kuchangisha, na mwezi wa Septemba ndege ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka wa 1960 alimwendea Seneta John Kennedy, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Katika kundi la mwaka huo alikuwemo Wangari Maathai, aliyekuja kupata tuzo ya Nobeli ya amani mwaka wa 2004. Kufikia mwaka wa 1963 wanafunzi wa Afrika Mashariki waliosafirishwa hivyo walikaribia 800. Mvulana aliyekosa karo ya miaka miwili aliwalipia wenzake njia ya kuvuka bahari.

Mengine ya siasa yanajulikana. Mwaka wa 1960 alikuwa London katika mazungumzo ya katiba, na mwaka huo huo akawa katibu mkuu wa KANU. Alikuwa Waziri wa Kazi, kisha wa Sheria na Katiba, halafu wa Mipango ya Uchumi. Sitaki kumfanya malaika. Wako waliomwona mwenye kiburi, na wengine walisema amewakaribia Wamarekani mno. Mwaka wa 1966, katika mkutano wa chama kule Limuru, alikuwa mstari wa mbele katika mipango iliyomwondoa Jaramogi Oginga Odinga katika umakamu wa chama, na wako ambao hawakumsamehe.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa katika barabara ya Government, ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Guka wakati huo alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, akifanya kazi katika shamba la kahawa hapa Ruiru. Anasema habari ilipotoka kwenye redio, watu waliweka vikapu chini na hakuna aliyejua la kumwambia mwenziwe, maana nchi nzima iliogopa kitakachofuata. Mtu mmoja, Nahashon Njenga, alihukumiwa kwa mauaji hayo na akanyongwa mwaka huo huo, lakini wengi waliamini kuwa hakuwa peke yake. Mboya alizikwa Rusinga, mbali sana na mlima alikozaliwa.

Basi Jumatatu ile sikwenda Ndarugu. Nilirudi shuleni na mama, na guka akaja na fimbo yake ya kutembelea, akiwa ameuza mbuzi mmoja. Pesa hazikutosha. Tukakubaliana kulipa kidogo kidogo, na mpaka ninapoandika haya bado nadaiwa. Msinielewe vibaya, sisemi kwamba kukosa karo ni baraka, wala kwamba kila anayetoka langoni na begi atakuwa waziri. Wengi huishia kwenye mawe, na hakuna anayewaandika magazetini. Mboya mwenyewe angeona kuwa ni sawa, asingezunguka Marekani akiomba nauli za wengine.

Ninachosema ni kuhusu yale maneno mawili ya majirani zetu wa Mang'u. Zamani nilidhani kujishinda ni kuamka saa kumi alfajiri na kuoga maji baridi. Siku zile kumi na saba zilinionyesha adui mwingine, ile aibu iliyonifanya nikwepe njia kuu. Huyo bado napigana naye, na kuandika jina langu chini ya habari hii ni sehemu ya vita hivyo.

Ukiwa Ruiru au Thika asubuhi ya mbingu safi, tazama mashariki. Na kama jina lako limesomwa Jumatatu, njoo unione bweni la pili. Chama chetu kimeanza kuweka akiba ya shilingi ishirini kwa kila mwanachama kila mwezi, kwa ajili ya atakayefuata kuitwa. Ni kidogo, lakini tumeanza.