Andrew Foster, kiziwi aliyeandaa walimu wa viziwi katika Afrika

Tarehe 3 Desemba 1987 ndege ndogo ilianguka karibu na Gisenyi, Rwanda, mji unaopakana na Goma yetu. Kati ya waliokufa alikuwamo Mwamerika mweusi wa miaka 62 aliyekuwa safarini kwenda Kenya. Jina lake Andrew Foster. Alikuwa kiziwi tangu utoto, mwalimu kwa kazi, mmisionari kwa wito. Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa ulitangaza tarehe hiyohiyo, 3 Desemba, kuwa Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Tangazo hilo halikutokana na kifo chake. Lakini sisi tunaoishi karibu na mahali alipoanguka tuna sababu ya kumkumbuka siku hiyo.

Wanaomjua Foster humkumbuka kwa wingi wa shule alizoanzisha. Katika makala hii nataka tutazame jambo lingine: yeye mwenyewe alipataje kuwa mwalimu wa viziwi, fedha zilitoka wapi, na alifanya nini ili wengine nao wapate kazi hiyo. Ni swali letu pia. Katika Jumuiya zetu wako vijana wanaosema wanasikia wito wa kufundisha watoto viziwi, vipofu au wenye shida ya akili. Wanauliza wapitie wapi na nani atawalipia. Mara nyingi tunawaombea, tunawapa mkono, na mambo yanaishia hapo.

Mtoto wa mchimba makaa

Andrew Foster alizaliwa tarehe 27 Juni 1925 huko Ensley, karibu na mji wa Birmingham, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Baba yake alichimba makaa ya mawe. Wakati ule sheria za kusini ziliwatenga watu weusi na weupe shuleni, hospitalini na garini.

Alipokuwa na miaka 11, yeye na ndugu yake walishikwa na homa ya uti wa mgongo. Walipona, lakini wote wawili walibaki viziwi. Wazazi waliwapeleka katika shule ya watoto viziwi weusi huko Talladega. Huko Andrew alijifunza lugha ya alama, lakini masomo ya shule ile hayakufika mbali. Kijana mweusi aliyekuwa kiziwi hakutazamiwa kusoma sekondari, sembuse chuo kikuu.

Mwaka 1942, akiwa na miaka 17, alihamia Detroit, kaskazini, kwa shangazi yake. Familia nyingi za watu weusi zilihamia kule wakati wa vita kutafuta kazi viwandani. Andrew alitafuta kazi, lakini alitaka pia kuendelea na masomo. Shule ya viziwi ya jimbo la Michigan ilimkatalia kwa sababu wazazi wake hawakuwa wakaaji wa jimbo lile. Basi akafanya kazi mchana na kusoma jioni.

Katika Detroit alihudhuria shule ya Jumapili iliyowafundisha viziwi, na huko akampokea Bwana Yesu. Siku moja alimsikia mmisionari aliyetumika Jamaika akieleza hali ya viziwi katika nchi ile. Tangu hapo hakuacha kuwaza juu ya viziwi wa Afrika, ambao wengi wao hawakuwa na shule wala hawakuwa wamesikia Habari Njema.

Njia ndefu ya masomo

Foster angeweza kupanda meli upesi akiwa na Biblia na bidii yake tu. Badala yake alitafuta kwanza vyeti, kimoja baada ya kingine.

Huko Washington kiko chuo cha viziwi kiitwacho Gallaudet, kilichopewa ruhusa ya kutoa digrii mwaka 1864 wakati wa Rais Abraham Lincoln. Foster aliandika kuomba nafasi akakataliwa, kwa sababu ya rangi yake. Hakukaa kungoja. Mwaka 1950 alipata diploma ya mambo ya biashara na hesabu katika Detroit. Mwaka 1951 alimaliza sekondari kwa masomo ya posta, kupitia shule moja ya Chicago iliyowatumia wanafunzi vitabu na mitihani nyumbani. Aliomba tena Gallaudet. Safari hii alikubaliwa, tena akapewa msaada wa masomo.

Mwaka 1954 alimaliza na digrii ya elimu. Anatajwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kupata digrii katika chuo kile. Mwaka 1955 alipata shahada ya pili katika elimu maalum kwenye chuo cha walimu cha Michigan, ambacho leo kinaitwa Eastern Michigan University. Mwaka 1956 alipata cheti kingine, cha kazi ya misheni, katika chuo cha Kikristo cha Seattle. Alikuwa na miaka 31.

Ndugu msomaji, tazama mambo manne yaliyo katika orodha hiyo. Alijifunza hesabu, na baadaye zilimsaidia kutunza fedha za kazi. Alijifunza ualimu kwa jumla. Alijifunza elimu maalum, yaani jinsi ya kumfundisha mtoto ambaye njia ya kawaida haimfai. Na alijifunza kazi ya misheni. Huruma peke yake haimfundishi mtoto kiziwi kusoma. Mtoto ambaye hajawahi kusikia neno lolote hana lugha ya nyumbani ya kuanzia. Mwalimu wake lazima ampe lugha kwanza, kwa macho na mikono, ndipo ampe herufi na hesabu. Hiyo ni kazi yenye ufundi wake, na mtu huijua kwa kufundishwa.

Fedha zilitoka wapi

Mpaka hapo tumeona mifuko miwili: jasho lake mwenyewe katika miaka ya Detroit, na msaada wa masomo wa Gallaudet. Lakini kwenda Afrika kulihitaji mfuko mwingine. Foster hakutumwa na shirika kubwa la misheni lenye mishahara. Mwaka 1956 alianzisha huduma ndogo ya kuwapelekea viziwi wa Afrika elimu na Injili, inayojulikana leo kama Christian Mission for the Deaf.

Fedha za huduma hiyo zilitoka katika makanisa na kwa watu mmoja mmoja. Kwa miaka mingi aliugawa mwaka wake. Miezi mingine alikuwa Afrika akifungua shule, na miezi mingine alizunguka Marekani akieleza kazi na kupokea matoleo. Kanisa moja lilitoa kidogo, lingine kidogo, na kazi ikaenda mbele mwaka baada ya mwaka.

Accra, Ibadan, na nchi zetu

Mwaka 1957, mwaka uleule Ghana ilipopata uhuru, Foster alifika Accra. Aliambiwa kwamba hapakuwa na watoto viziwi. Walikuwapo, ila wengi walifichwa nyumbani, kwa aibu au kwa kudhani wamelaaniwa. Hakuwa na jengo. Aliomba chumba cha darasa cha shule ya kawaida, akakitumia saa ambazo wanafunzi wengine walikuwa wameenda nyumbani. Wakaja watoto, wakaja na watu wazima. Baadaye shule ile ilihamia Mampong, na serikali ya Ghana ikaipokea.

Mwaka 1960 alianza kazi Nigeria, na mji wa Ibadan ukawa kituo chake kikubwa. Mwaka 1961 alimwoa Berta Zuther, Mjerumani ambaye naye alikuwa kiziwi, wakapata watoto watano. Mwaka 1970 Gallaudet, chuo kilichomkatalia zamani, kilimpa udaktari wa heshima.

Katika miaka ya 1970 aligeukia nchi zinazotumia Kifaransa, na Zaire yetu ya wakati ule ilikuwa kati yake. Hesabu inayotajwa zaidi ni shule 31 katika nchi 13 za Afrika, pamoja na shule nyingi za Jumapili na makambi ya vijana viziwi.

Mtu mmoja hawezi kufundisha katika shule 31. Foster aliliona hilo mapema. Kwa hiyo aliwaita Ibadan watu kutoka nchi mbalimbali, viziwi na wanaosikia, akawapa mafunzo ya lugha ya alama, ya kufundisha, na ya Neno la Mungu. Kwa wale wa nchi zetu, alama ziliunganishwa na maneno ya Kifaransa. Walirudi makwao, wakafungua darasa, wakawafundisha wengine. Baadhi ya wanafunzi wake wa Ghana na Nigeria walifika mpaka Gallaudet, wakarudi kuwa viongozi wa viziwi katika nchi zao. Mwalimu kiziwi mbele ya darasa alikuwa pia somo kwa wazazi: waliona kwa macho mtoto wao anaweza kuwa nani.

Tuseme pia yale ambayo wengine wanayachambua katika kazi yake. Lugha ya alama aliyoleta ilitoka Marekani, na mahali pengine ilisukuma pembeni alama ambazo viziwi wa vijiji walikuwa nazo tayari. Na mke na watoto waliishi miezi mingi bila baba nyumbani. Ni haki kuyataja, ili anayemfuata leo ajifunze kuanza na alama za wenyeji na kuitunza nyumba yake.

Na sisi, Kongo?

Sheria haiko kimya. Sheria ya elimu ya taifa ya mwaka 2014 inatambua elimu maalum, na sheria ya Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Kanisa nalo lina shule: tangu mkataba wa mwaka 1977 shule nyingi za Serikali zinaongozwa na makanisa, na sisi Waprotestanti tuna sehemu kubwa. Tunachokosa mara nyingi ni mwalimu aliyeandaliwa. Mtoto kiziwi anaandikishwa, anakaa nyuma ya darasa mwaka mzima akitazama midomo ya mwalimu, kisha wazazi wanachoka na kumrudisha nyumbani.

Kwa kijana mwenye wito, njia ya Foster inatoa mpango unaoweza kufuatwa hapa kwetu. Kwanza amalize sekondari na kupata diploma ya Serikali, na ikiwezekana achague masomo ya ualimu. Pili aende chuo cha walimu, kama vile ISP. Tatu, kabla au wakati wa chuo, akae katika shule ya viziwi iliyopo, ajifunze lugha ya alama kwa viziwi wenyewe, asitosheke na karatasi. Nne, asidharau njia ndogo. Foster alipata sekondari yake kwa posta, akiwa mtu mzima mwenye kazi.

Kwa Jumuiya na makanisa, naona mambo matatu. Tuweke toleo moja kwa mwaka, labda Jumapili iliyo karibu na tarehe 3 Desemba, kwa masomo ya mwalimu mmoja. Makanisa kadhaa ya mahali pamoja yanaweza kubeba minerval, chumba na chakula cha kijana mmoja mpaka amalize. Pia tuandike mkataba naye: Kanisa linalipa, naye akimaliza anatumika katika shule yetu kwa miaka tuliyokubaliana. Na kabla hajamaliza, waratibu wa shule washughulikie nafasi yake katika orodha ya walimu wanaolipwa na Serikali. Tusipofanya hivyo atarudi na cheti, atakaa bila mshahara, kisha atakwenda kutafuta kazi nyingine. Hapo tutakuwa tumelipia mwalimu wa watu wengine.

Jambo la tatu ni gumu zaidi. Tuchague na viziwi wenyewe kuwa walimu. Katika makanisa yetu kiziwi huitwa mbele ili aombewe, na ni vema kuombea. Lakini asipopata uponyaji wa masikio, mara nyingi hatujui tena la kumfanyia. Katika Marko 7 Yesu alimtenga yule kiziwi na umati, akamgusa masikio na ulimi, akatazama juu mbinguni. Kabla ya kumponya, alizungumza naye kwa namna ambayo yule mtu aliweza kuiona. Mwalimu wa viziwi hufanya hivyo kila asubuhi, na Foster aliifanya kazi hiyo kwa miaka 30 bila masikio yake mwenyewe kufunguka.

Bwana wa mavuno atupe watu wa kazi hii, na atupe sisi moyo wa kulipa gharama ya kuwaandaa. Wazee wa kanisa wanaosoma haya, mkutano wenu ujao wa bajeti uwe na mstari mmoja kwa ajili ya mwalimu huyo.