Habari za John Wesley, Aliyetafuta Amani kwa Matendo Akaipata kwa Imani

Wasomaji wapenzi, katika kitabu hiki cha yubile mtasoma hesabu nyingi: makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, watu waliobatizwa na sadaka zilizotolewa. Ni vema kuzihesabu kazi hizi na kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Walakini iko hatari katika kuhesabu. Mtu aweza kuitazama hesabu yake akadhani kwamba hiyo ndiyo itakayomsimamisha mbele za Mungu siku ya mwisho. Na sisi waalimu wa dini twaikaribia hatari hiyo kuliko wengine, maana kazi yetu ya kila siku ni matendo mema. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuandika hapa habari za kasisi mmoja Mwingereza aliyekufa zamani, jina lake John Wesley. Huyu alitenda mema miaka mingi asipate amani. Na alipoipata hakuyaacha matendo, ila aliyatenda kuliko kwanza.

John Wesley alizaliwa mwezi wa Juni, mwaka 1703, mahali paitwapo Epworth, katika Uingereza. Baba yake, Samuel, alikuwa kasisi wa kanisa la hapo, na mama yake, Susanna, alikuwa mwanamke mwenye akili na utaratibu mwingi. Katika nyumba hiyo walizaliwa watoto 19, na John alikuwa wa 15. Wengi wao walikufa wakiwa wachanga. Susanna aliwafundisha watoto wake mwenyewe kusoma, kusali na kutii.

Usiku mmoja wa mwezi wa Februari, mwaka 1709, nyumba yao ilishika moto. Watu wote wakakimbia nje, kumbe John, mtoto wa miaka mitano, amesahauliwa chumbani juu. Baba yake akajaribu kupanda ngazi za ndani, asiweze kwa ukali wa moto. Mtoto akasimama dirishani, na wakati wa kutafuta ngazi ya nje haukuwapo. Basi mtu mmoja akasimama mabegani mwa mwenziwe, akamtoa mtoto dirishani, na mara paa la nyumba likaanguka. Tangu siku hiyo mama yake aliazimu kuitunza roho ya mtoto huyu kwa bidii zaidi. Nasi twaona jambo jingine: mtoto yule hakujiokoa, aliokolewa. Lakini fundisho hilo halikumwingia moyoni hata miaka 29 ikapita.

Alipokuwa mkubwa kidogo alipelekwa shuleni London, kisha mwaka 1720 akaingia Chuo Kikuu cha Oxford. Akawa shemasi mwaka 1725, na mwaka 1728 akapewa ukasisi. Katika miaka hiyo alikusudia kwa moyo wote kuwa mtakatifu. Ndugu yake mdogo, Charles, alikuwa na rafiki wachache chuoni waliokutana kusoma na kusali, na John aliporudi Oxford mwaka 1729 akawa mkuu wao. Waliamka mapema sana, wakafunga siku za Jumatano na Ijumaa, wakaenda Mezani pa Bwana kila juma, wakawazuru wafungwa gerezani, wakawafundisha watoto wa maskini. Wanafunzi wengine waliwacheka, wakawaita Wamethodisti, yaani watu wa kufuata taratibu, na jina hilo likashika hata leo.

Katika fedha pia alikuwa na kiasi. Mwaka mmoja alipata pauni 30, akatumia 28, akawapa maskini 2. Mwaka uliofuata alipata pauni 60, akatumia 28 zilezile, akatoa 32. Mapato yalivyozidi, matumizi yake hayakuzidi, ila sadaka yake ndiyo iliyozidi. Nani miongoni mwetu aweza kujilinganisha naye? Hata hivyo moyo wake haukutulia. Kila jioni alijipima, na kila alipojipima alijiona amepungukiwa. Akaongeza kazi, akaongeza sheria, na hofu ikabaki palepale. Mtu wa namna hii ni kama mdeni anayelipa kila mwezi wala hajui deni ni kiasi gani: hawezi kulala usingizi, maana hajui kama amekwisha kulipa.

Mwaka 1735 baba yake alifariki, na katika mwaka huohuo John na Charles waliombwa kwenda Georgia, koloni jipya la Waingereza katika Amerika, kuwahudumia wageni waliohamia kule na kuwahubiri wenyeji wa nchi. John alikubali, na mwenyewe aliandika kwamba nia yake ya kwanza katika safari hiyo ilikuwa kuiokoa roho yake. Basi hata kazi ya umisheni ilikuwa kwake kama malipo.

Katika merikebu walikuwamo Wamoravia 26, Wakristo waliotoka Ujerumani, watu wanyenyekevu waliofanya kazi ambazo wengine walizikataa. Mwezi wa Januari 1736 tufani kubwa iliwapata. Jioni moja Wamoravia walipokuwa wakiimba zaburi, bahari ikaifunika merikebu, ikapasua tanga kubwa vipande vipande, maji yakamwagika ndani. Waingereza walipiga kelele kwa hofu. Wamoravia waliendelea kuimba. Baadaye Wesley alimwuliza mmoja wao kama hakuogopa, naye akajibu kwamba hakuogopa. Akamwuliza kama wanawake na watoto hawakuogopa, akaambiwa kwamba wao nao hawaogopi kufa. Wesley aliona haya moyoni. Yeye kasisi, mwenye kufunga na kusali, aliogopa mauti. Na watoto wa watu wale walikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho.

Kazi yake katika Georgia haikufanikiwa. Aliwatoza watu sheria kali za kanisa, wakachoka naye. Kisha alimpenda binti mmoja, akasitasita kumwoa hata yule binti akaolewa na mwingine. Na baadaye Wesley alipomzuia asishiriki Meza ya Bwana, jamaa za binti wakamshitaki. Mwezi wa Desemba 1737 aliondoka nchi ile, na tarehe 1 Februari 1738 akafika Uingereza. Njiani aliandika kwa uchungu kwamba alikwenda Amerika kuwaongoa wengine, kumbe yeye mwenyewe hajaongoka.

Siku chache baada ya kufika alikutana London na kijana Mmoravia, Peter Böhler. Huyu alimweleza kwamba imani iokoayo si kukubali kwa akili tu kwamba mafundisho ya kanisa ni kweli. Ni kumtumaini Kristo mwenyewe, kwamba ameichukua dhambi yangu mimi. Nayo ni kipawa cha Mungu, haipatikani kwa mshahara. Wesley alibishana naye, kisha akayasoma tena Maandiko, akaona kwamba ndivyo yalivyo. Ndipo akataka kuacha kuhubiri, kwa kuwa imani hiyo hakuwa nayo. Böhler akamshauri asiache: aihubiri imani mpaka aipate, na akiisha kuipata ataihubiri kwa sababu anayo. Basi mwezi wa Machi alianza, na mtu wa kwanza aliyemhubiri wokovu kwa imani peke yake alikuwa mfungwa gerezani aliyehukumiwa kufa. Tulifikiri jambo hili. Mtu anayengoja kunyongwa ana nafasi gani ya kutenda mema, ili ahesabiwe haki kwa ajili yake? Kama wokovu ni kwa matendo, mtu huyo hana habari njema. Lakini kama ni kwa imani, mlango ungali wazi kwake hata saa ya mwisho.

Siku ya Pentekoste, tarehe 21 Mei 1738, Charles alipata amani akiwa mgonjwa kitandani. Siku ya tatu yake, Jumatano tarehe 24, John alikwenda jioni, pasipo kupenda sana, katika mkutano mdogo uliofanyika katika njia iitwayo Aldersgate, London. Mtu mmoja alikuwa akisoma maneno ambayo Martin Luther aliyaandika kuwa dibaji ya Waraka kwa Warumi. Ilipopata saa tatu kasorobo ya usiku, msomaji alipokuwa akieleza jinsi Mungu abadilivyo moyo kwa imani, Wesley aliona moyo wake umepata joto la ajabu. Akajiona kwamba anamtumaini Kristo, Kristo peke yake, kwa wokovu wake, na kwamba dhambi zake mwenyewe zimeondolewa. Mara akaanza kuwaombea waliomtendea vibaya. Majaribu hayakumwacha tangu usiku ule, na siku nyingine furaha ilimpungukia. Lakini sasa alipigana kama mtu aliyekwisha kupewa ushindi.

Katika uzee wake alizifikiri tena siku zake za kwanza, akasahihisha aliyoyaandika. Alisema kwamba zamani hakukosa imani kabisa, ila ilikuwa imani ya mtumishi, wala si ya mwana. Maneno haya yana faida kwetu. Mtumishi na mwana waweza kulima shamba moja tangu asubuhi hata jioni, na jasho lao likawa sawasawa. Mtumishi hulima ili asifukuzwe. Mwana hulima kwa kuwa shamba ni la baba yake.

Mwezi wa Juni mwaka uleule alihubiri mbele ya wakuu wa Oxford juu ya wokovu kwa imani. Makanisa mengi yakafungwa asihubiri humo tena, maana watu walinena kwamba mafundisho haya yatawafanya Wakristo kuwa walegevu. Basi tarehe 2 Aprili 1739, karibu na mji wa Bristol, alianza kuhubiri nje uwanjani, kama rafiki yake George Whitefield alivyokwisha kufanya kati ya wachimba makaa ya mawe, watu ambao hakuna aliyewajali. Mwaka 1742 alifika kwao Epworth, akakatazwa mimbari ya baba yake; akasimama juu ya kaburi la baba yake nje ya kanisa, akahubiri hapo jioni baada ya jioni, na makutano wakamsikiliza.

Mashitaka mengine yalitoka upande wa pili. Baadhi ya rafiki zake wa London walifundisha kwamba mtu asiye na imani kamili imempasa atulie tu: asisali, asisome Maandiko, asiende Mezani pa Bwana, asije akatumainia matendo hayo. Wesley aliwakataza. Alifundisha kwamba hizo ni njia ambazo Mungu amezichagua ili akutane na mtu, wala si fedha za kununulia neema. Hawakusikia, na mwezi wa Julai 1740 akatengana nao. Hivyo alishika njia ya kati: kwa wenye kutumainia matendo alihubiri imani, na kwa wenye kuyadharau matendo alihubiri utii.

Matunda yake ni haya. Alisafiri Uingereza yote, na Ireland na Scotland, kwa farasi, katika mvua na theluji, na yakadiriwa kuwa alikwenda maili 250,000 na kuhubiri mara 40,000. Mara nyingine alipigwa mawe na wenye ghasia. Mwaka 1746 alifungua London mahali pa kuwapa maskini dawa, akaweka na akiba ya kuwakopesha wenye shida. Mwaka 1748 alifungua shule Kingswood. Mwaka 1774 alitoa kitabu cha kuupinga utumwa. Na barua yake ya mwisho, ya tarehe 24 Februari 1791, aliiandika kumtia moyo William Wilberforce katika vita vyake juu ya biashara ya watumwa. Wilberforce huyo alikuwa mmojawapo wa walioisaidia C.M.S. ilipoanzishwa London mwaka 1799, nayo ndiyo iliyomtuma Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844. Nao Wamethodisti walianza kazi yao Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862. Kwa hiyo habari hizi si za mbali kama zidhaniwavyo.

Wesley hakuwa malaika. Alipenda kutawala, na ndoa yake ya mwaka 1751 haikuwa na furaha. Lakini yeye mwenyewe hakutaka kuhesabiwa kuwa mtu asiye na kosa. Mwaka 1783 aliugua sana huko Bristol, akadhani anakufa. Akayatazama maisha yake yote, akitafuta jambo la kulitumaini, asione katika kazi zake zote hata moja. Akashika hili tu, kwamba yeye ni mwenye dhambi na Yesu alikufa kwa ajili yake. Alipona, akafanya kazi miaka mingine. Na siku zake za mwisho zilipofika, London, mwaka 1791, aliukumbuka ugonjwa ule, akasema kwamba tumaini lake lingali lilelile. Alifariki tarehe 2 Machi, akiwa na umri wa miaka 87, angali kasisi wa Kanisa la Uingereza. Katika wasia wake aliagiza achukuliwe kaburini na maskini sita, kila mmoja apewe pauni moja. Ndivyo ilivyofanyika.

Ndugu wasomaji, tukiisha kuzihesabu kazi za dayosisi yetu, tufanye kama mzee huyu: tuziweke chini miguuni pa Bwana, tusizishike mikononi kama hati ya kudai. Aliye na kazi nyingi asijivune, maana hazitamwokoa. Asiye na kitu cha kuonyesha asikate tamaa, maana Kristo ampokea vivyo hivyo alivyo. Kisha, tukiisha kupokelewa, tuondoke sote twende kazini, kama wana katika shamba la Baba yao.