Georges Méliès: aliazima kwa wengine, kisha akaibiwa

Watu wanaosema kama filme za safari za angani zinachukua mawazo ya zamani wana haki. Hata ile ya Georges Méliès ilifanya vile.

Alizaliwa Paris tarehe 8 desemba 1861. Baba yake alikuwa na kiwanda cha viatu, lakini yeye alipenda mazingaombwe, na mwaka 1888 akanunua Théâtre Robert-Houdin. Sinema ilipokuja, akatengeneza filme zaidi ya 500.

Le Voyage dans la Lune, ya mwaka 1902, njo iliyojulikana sana. Mzinga mkubwa unaorusha watu ku mwezi ni wazo la Jules Verne, katika kitabu cha 1865. Wenyeji wa mwezi ni wa Mwingereza H. G. Wells, kitabu cha 1901. Lakini mwezi wenye sura ya mtu, unaopigwa na kombora ku jicho, hauko ndani ya vitabu vile. Na njo picha watu wanakumbuka.

Ku Marekani, makampuni, hata ile ya Thomas Edison, yalitoa kopi za filme yenyewe na kuziuzisha, Méliès bila kupata hata senti. Ile si kuazima wazo tena! Mwaka 1903 akatuma ndugu yake Gaston New York kufungua ofisi ya kulinda kazi zake.

Feza ziliisha tu. Mwaka 1923, alipopoteza studio yake ya Montreuil, alichoma negativu zake. Kisha akauzisha vitu vya kuchezea watoto na bomboni ndani ya stesheni ya treni ya Montparnasse. Alikufa tarehe 21 januari 1938.