Muindi Mbingu: Kiongozi Aliyehamishiwa Lamu

Mpwani aendaye kusali Msikiti wa Jamia, Nairobi, hakosi kuiona barabara ya Muindi Mbingu iliyo jirani na msikiti huo. Wengi huipita wasijue kuwa mwenye jina hilo alipata kuwa mgeni wetu huku Pwani, na hakuja kwa hiari yake.

Muindi Mbingu alikuwa Mkamba wa Machakos. Siku zake Wakamba walikuwa wamebanwa: nchi njema ya milima ya Mua imo mikononi mwa walowezi, na mifugo yao imesongamana katika eneo dogo walilobakishiwa. Ardhi ilipomomonyoka, serikali ya Kiingereza iliwalaumu ng'ombe, isijilaumu yenyewe. Mwaka 1938 ikaamuru wapunguzwe kwa nguvu. Wakakamatwa, wakauzwa kwa bei duni, na huko Athi River kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwangoja.

Kwa Mkamba ng'ombe ni mahari, ni akiba ya mwaka wa njaa, ni heshima ya nyumba. Watu wakala kiapo cha kutouza. Hasira zilipanda, na mishale ya Wakamba yajulikana. Hapo ndipo ilipodhihiri busara ya Muindi na wenziwe wa chama cha Ukamba Members Association. Waliiacha mishale, wakachagua miguu. Mwishoni mwa Julai wanaume, wanawake na watoto, zaidi ya elfu moja, walishika njia ya Nairobi, mwendo wa maili kama 40, ili wamwone Gavana Brooke-Popham. Wakapiga kambi Kariokor, wakangoja kwa subira wiki baada ya wiki. Mwisho Gavana alikwenda mwenyewe Machakos mwezi wa Agosti kusema nao barazani, lakini hakuwapa walichotaka.

Serikali nayo ilikuwa na hofu yake. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la KAR na polisi, na vita vikubwa vilikwisha nukia Ulaya. Septemba Muindi alishikwa, akahamishiwa Lamu, mbali na jamaa zake. Waliodhani kuwa kichwa kikiondolewa kiwiliwili kitalala, walikosea. Watu hawakuvunja kiapo, na kabla ya mwaka kwisha amri ya kupunguza ng'ombe kwa nguvu ikaachwa.

Muindi hakuwapo kushangilia. Alirejea kwao baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1953, katika siku za Hali ya Hatari, akauawa.

Sisi tuliokaa chuoni twajua kuwa uongozi ni amana, na mwenye amana ataulizwa mbele ya Mola wake. Kiongozi huyu alikabidhiwa watu wenye ghadhabu, akawapeleka Nairobi na kuwarudisha bila ya damu kumwagika. Gharama aliilipa yeye, peke yake, katika kisiwa chetu. Apitaye barabara ile na amkumbuke.