Mwalimu Josef Albers, Mfumbua Macho

Katika kitabu hiki cha Jubilei twawakumbuka waalimu wengi. Yafaa tumkumbuke na mmoja wa nchi ya mbali, maana maisha yake yana fundisho kwetu.

Josef Albers alizaliwa katika jamaa ya Kikatoliki, tarehe 19 Machi 1888, huko Bottrop, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, akamfundisha kazi za mikono. Toka mwaka 1908 hata 1913 Josef alifundisha watoto wadogo shuleni. Baadaye akalitengenezea kanisa la Mtakatifu Mikaeli, Bottrop, dirisha la vioo kwa heshima ya Bikira Maria.

Mwaka 1920 aliingia chuo cha sanaa cha Bauhaus, mjini Weimar. Hakuwa na fedha za kununulia vioo. Basi akatwaa nyundo na shanta, akaenda jalalani kuokota chupa zilizovunjika, akaziunga zikawa picha. Hazikuonyesha mtu wala mti, ila rangi na maumbo tu. Alipofanywa mwalimu chuoni, mwaka 1923, aliwapa wanafunzi karatasi za magazeti, wazikunje hata zisimame, wasipoteze kipande.

Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilikibana chuo, na waalimu wakaona heri kukifunga kuliko kuyakubali masharti yake. Albers na mkewe Anni, mfumaji wa asili ya Kiyahudi, wakavuka bahari mpaka Marekani. Hapo, katika Black Mountain College, akaanza kufundisha, naye Kiingereza hakijui vema. Alisema kazi yake ni kufumbua macho ya wanafunzi.

Tangu mwaka 1950 alichora picha zaidi ya 1,000 za miraba, mmoja ndani ya mwingine. Na katika kitabu chake cha mwaka 1963 alionyesha kwamba rangi ile ile hubadilika machoni petu ikibadilishiwa jirani.

Alifariki tarehe 25 Machi 1976. Dirisha lake la Bottrop liliharibiwa katika Vita Kuu ya Pili. Walakini mafundisho yake yalidumu. Mwanafunzi wake Ruth Asawa, mchongaji, alisaidia kuanzisha mafundisho ya sanaa kwa watoto wa shule mjini San Francisco, mwaka 1968.

Basi, ndugu waalimu, tusingoje vyombo vya thamani. Tuanze na vilivyo mkononi, tukiwafundisha watoto kutazama vema kazi ya Muumba.